Jina la Mdogo Wangu

Asubuhi hiyo Evarist alifungua bomba la bafuni mpaka mwisho, akainama juu ya sinki, akatapika. Bomba alilifungua ili yule mwanamke aliyebaki kitandani asisikie. Hakuwa amelewa, hakuwa na homa, na chipsi alizokula jana yake hazikuwa na kosa lolote. Kilichomtapisha ni sabuni.

Waliozoea nyumba za wageni wanaijua: kile kipande chembamba cha rangi ya waridi kinachowekwa juu ya taulo, kinachonukia kama peremende iliyolambwa ikarudishwa kwenye karatasi yake. Kwa miaka mitano Evarist alikuwa ameoga kwa sabuni hiyo mara nyingi kuliko sabuni ya kwake. Alikuwa fundi wa mafriji, kijana wa miaka ishirini na tisa, na Mikumi yote, kuanzia baa za kando ya barabara kuu hadi kambi za watalii, friji likizimika anaitwa yeye. Alishafungua mafriji yaliyojaa nyama iliyokaa wiki nzima bila umeme, nyama imegeuka kijani, mwenye baa amekimbilia nje kaziba pua kwa kanga, naye akaingiza mkono huku anapiga mluzi. Lakini sabuni ile, siku hizi ikimfika puani tu, tumbo linapanda.

Alijipangusa mdomo. Kioo hakukitazama. Alikuwa ameacha kukitazama tangu kiangazi kilichopita.

"Uko sawa?" sauti ya kitandani iliuliza.

"Niko poa. Napiga mswaki."

Hakuwa na mswaki. Hakuwa na jina la mwenye sauti hiyo pia. Alipotoka alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba ya kiatu, amempa mgongo. Mwanamke yule naye alikuwa na haraka ya mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni.

"Utanipigia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nitakupigia."

Namba hakuwa nayo, na wote wawili walijua kuwa hana. Walitoka kwa kupishana, mmoja mbele, mwingine baada ya dakika tano, kama watu walioiba kuku wakagawana mabawa.

"Kwaheri, Lukasi," mhudumu wa mapokezi alimwambia Evarist alipokuwa anarudisha funguo.

"Kwaheri, dada."

Hapa lazima tusimame kidogo, maana uchafu wote unaokuja ulianzia hapo. Lukasi hakuwa yeye. Lukasi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mkulima wa Zombo, mwalimu wa kwaya, kijana asiyejua hata bia ina ladha gani. Miaka mitano iliyopita Evarist alitumwa Kilosa kumchukulia kitambulisho, na siku hiyohiyo, akiwa nacho mfukoni, akaingia nyumba ya wageni kwa mara ya kwanza na mwanamke aliyekutana naye kwenye basi. Mhudumu akafungua kitabu cha wageni, akashika kalamu: jina, kabila, kazi, unakotoka, namba ya kitambulisho. Evarist aliona aibu. Jina lake halikutoka mdomoni. Akatoa kitambulisho cha mdogo wake, mhudumu akanakili bila hata kutazama picha. Kulipokucha, ile aibu akaiona kuwa kichekesho. Tangu hapo akaikariri namba, na kila nyumba aliyoingia aliingia akiwa Lukasi Andrea Chilewa, Msagara, mkulima, kutoka Zombo. Alijiambia ni utani wa ndugu. Utani gani ambao mwenye kutaniwa hana habari?

Alipita kwenye genge la rafiki yake Mudi, muuza chipsi wa stendi, akaomba chai ya rangi tupu.

"Oya fundi!" Mudi alikuwa anageuza viazi. "Unakula maisha, mwanangu. Sisi wengine tunakula viazi. Yule wa jana mkali, anaitwa nani?"

Evarist alifikiri. "Sikumbuki."

Mudi alicheka mpaka mafuta yakamrukia mkononi. Evarist naye akacheka, maana ndivyo inavyochekwa. Kisha akatazama glasi yake na kuona ameshindwa kumeza hata funda moja.

Mchovya asali hachovyi mara moja, wazee walisema. Ila hawakutuachia neno la yule ambaye asali imeshamkinaisha na kidole bado kinakwenda. Hivyo ndivyo alivyokuwa Evarist. Alikuwa akichukia akiwa bado yumo chumbani. Anauchukia mgongo wa mtu mgeni, anazichukia zile ndala za mpira zilizokatwa pembe zisiibwe, anauchukia mwili wake mwenyewe unaofanya kazi kama friji bovu linalounguruma na halipoozi. Akirudi kwake anajisugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi inawasha. Anaapa. Siku tatu nne zinapita, chumba kinakuwa kimya mno, anajisikia hayupo, simu inatoka mfukoni. Wala si kwa hamu. Hamu ilishakufa zamani. Alikwenda kama mtu anayekwenda kukanda jino bovu kwa ulimi ili ahakikishe bado linauma.

Na siku hizi halikuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha.

Lukasi alimpigia mchana wa siku hiyohiyo.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Vipi mpunga?"

"Mpunga mzuri. Kaka, nimepata mwenzangu." Lukasi alivuta pumzi. "Anaitwa Rebeka. Wa Kimamba. Barua ya posa imeshapelekwa, Jumamosi ijayo tunakwenda kusikiliza jibu. Baba hayupo duniani, wewe ndiye wa kusimama pale."

Rebeka. Evarist alikaa juu ya friji alilokuwa amelilaza chini. Alikuwa na Rebeka mmoja, masika ya mwaka juzi. Katika wote, hilo ndilo jina pekee lililombakia, na lilimbakia kwa sababu moja tu: asubuhi yake mwanamke huyo alijifungia bafuni, akafungua bomba kwa nguvu, na chini ya sauti ya maji Evarist akasikia sauti nyingine. Alijua analia. Hakwenda kugonga mlango. Aliongeza sauti ya televisheni, akavaa viatu, akaondoka. Lakini kwa siri, na hili hakumwambia mtu yeyote, alijivunia kidogo. Angalau mmoja alilia. Angalau kuna mtu aliyeguswa mle ndani.

Uso wake haukuwepo. Alijaribu kuutafuta, akapata taulo, akapata pazia la kijani, uso hakuupata.

"Nitumie picha," alisema.

Picha ikaja: msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, joho la kwaya, meno meupe. Evarist aliikuza kwa vidole viwili mpaka pua ikawa vidoti, akaipunguza, akaikuza tena. Alitazama masikio. Alitazama mikono. Hakujua. Mtu mzima na akili zake, anatazama picha ya mchumba wa mdogo wake na hawezi kusema kama amewahi kulala naye au hajawahi. Jasho lilimtoka. Alijinusa mkono na kuhisi ile sabuni, ingawa alikuwa ameshaoga mara mbili.

"Amewahi kufika Mikumi huyu?"

"Rebeka? Hata Morogoro hajafika. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Kaka, nikwambie kitu usinicheke." Lukasi alishusha sauti. "Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi kwa shangazi yake. Kidole chake kikagusa changu. Nikasahau kabisa nilikuwa nasema nini."

"Kidole tu?"

"Kidole tu."

Evarist alicheka, akamwambia wewe mshamba kweli. Alipokata simu alitazama vidole vyake vyenye grisi. Katika miaka mitano vidole hivyo vilikuwa vimegusa kila kitu, wala hakukumbuka hata mara moja kusahau alichokuwa anasema.

Jumamosi walitoka Zombo kwenda Kimamba, watatu kwa bodaboda mbili: Evarist, Lukasi ndani ya koti la kuazima, na mshenga wao, Mzee Jastin wa Magomeni ya Kilosa, mstaafu wa reli mwenye kofia isiyovuliwa. Walipita mashamba ya mkonge yaliyoota magugu, wakavuka reli, wakashuka mbele ya nyumba ya matofali yenye uwanja uliofagiliwa.

"Sikilizeni," Mzee Jastin aliwaambia kabla hawajabisha hodi. "Huyu mzee anaitwa Baba Perpetua, kwa jina la binti yake wa kwanza, dada yake Rebeka. Na nyumba hii ina utaratibu wake. Mgeni wa barua hanawishwi mpaka jibu litoke. Jibu likiwa zuri, huyo binti wa kwanza anatoka na birika na beseni, mnanawa, mnakula. Jibu likiwa baya, birika halitoki. Mnaaga na njaa yenu."

Ndani walisalimiana shikamoo kwa mzunguko mpaka salamu zikaisha. Harufu ya pilau ilitoka jikoni. Baba Perpetua alikuwa mzee mfupi wa sauti ya chini. Kando yake alikaa shemeji yake, mjomba Kasto, mtu mnene aliyekumbatia mfuko wa nailoni mapajani. Mama Perpetua alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa ndani.

Rebeka aliitwa. Alikuja amejifunga kanga mbili, akapiga goti.

"Mwanangu," baba yake alimwuliza kama desturi inavyotaka, "wageni hawa unawafahamu?"

"Namfahamu Lukasi, baba. Na Mzee Jastin, ndiye aliyeleta barua." Alimtazama Evarist. "Huyu kaka simfahamu. Namwona leo."

Evarist aliachia pumzi aliyoishikilia tangu Zombo. Kisha akawaza: lakini angekuwa ni yeye, mbele ya baba yake angesema nini kingine? Pumzi ikarudi ikakaa palepale.

"Vema, kaa na mama yako," alisema Baba Perpetua. "Sasa, Mzee Jastin. Ninyi mmeleta barua, sisi nasi tukafanya uchunguzi wetu, maana mtoto hatolewi kama mbuzi wa mnadani. Shemeji yangu hapa ana nyumba ya wageni Mikumi. Yeye anaishi huku, vitabu analetewa. Shemeji, toa."

Mjomba Kasto akafungua mfuko, akatoa kitabu kikubwa cha jalada gumu, pembe zimeliwa. Kilikuwa kimetunzwa kabati moja na maboksi ya sabuni. Harufu ilimfikia Evarist kabla kitabu hakijafunguliwa, ile peremende iliyolambwa, na mate yakamjaa mdomoni.

Kasto alikuwa ameweka vijikaratasi. Alisoma kwenye kijikaratasi cha kwanza. "Lukasi Andrea Chilewa. Msagara. Mkulima. Kutoka Zombo. Na mwenzake." Akafunua cha pili. "Lukasi Andrea Chilewa. Na mwenzake." Akafunua cha tatu, cha nne, akapitisha kidole kwenye vijikaratasi vilivyobaki, na vilikuwa vingi. "Niendelee?"

"Si mimi," alisema Lukasi.

"Kitambulisho unacho?" aliuliza Baba Perpetua.

Lukasi alikitoa. Mzee Jastin akavaa miwani, akasoma namba kwa sauti, moja moja, na Kasto akaifuata kwa kidole kitabuni. Hakuna hata moja iliyopishana. Mzee Jastin akavua miwani na, kwa mara ya kwanza, akavua na kofia.

"Sijawahi kulala Mikumi, baba," Lukasi alisema. "Hata siku moja. Naapa."

"Namba zimejiandika?"

Rebeka alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Lukasi akamgeukia kaka yake. Hakumgeukia kwa kumshuku. Alimgeukia kama alivyomgeukia utotoni mbwa wa jirani walipomfukuza. "Kaka, waambie. Wewe unanijua."

Mavi ya kale hayanuki, wanasema. Waliosema hivyo hawakuletewa mavi yao sebuleni yakiwa yamefungwa kwenye jalada gumu. Evarist aliona kuwa anaweza kunyamaza. Wangeaga, wangepanda bodaboda, Lukasi angelia mwezi mmoja, baadaye angepata mwingine. Wazo hilo lilimjia laini, limeshapangwa, kama maneno ya nitakupigia. Na kwa sababu lilimjia hivyo alilichukia, akajichukia yeye aliyelizaa.

"Ni mimi," alisema. "Jina ni lake, lakini mtu ni mimi. Nilikuwa natumia jina lake."

Alingoja kelele. Hazikuja. Baba Perpetua alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Damu nzito kuliko maji," mzee alisema. "Ningekuwa na kaka ningependa awe kama wewe. Lakini hapa hatupokei mzigo wa kusaidiana. Mhudumu aliyeandika humu ameolewa Ifakara, hana hata simu, hawezi kutwambia ni nani aliyesimama mbele yake. Sasa wewe unayesema ni wewe, taja mmoja wa hao wenzako. Mmoja tu. Tumpigie simu, aseme ndiyo, namjua Evarist, mambo yaishe."

"Taja," alisema Lukasi kwa kunong'ona. Alikuwa amekodoa macho. Alikuwa ameanza kuelewa. "Taja, kaka."

Evarist akaingia kichwani mwake kutafuta. Alikuta rangi ya kucha iliyobanduka. Alikuta mwanya. Alikuta mmoja aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kula chipsi, na mmoja aliyenuka vitunguu, na mmoja aliyesema mama yake anaumwa. Vipande, vipande, hakuna kilichokuwa na jina wala uso. Watu wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwita akaja kumsaidia. Alisaka, na jina moja likaja juu, la pekee alilokuwa nalo. Kabla hajaliwaza lilikuwa limeshatoka.

"Rebeka."

Ndani kulianguka sahani. Mama Perpetua alishika mdomo.

"Rebeka gani?" aliuliza Baba Perpetua, polepole sana.

"Mimi?" Rebeka alikuwa amesimama. "Baba, simjui huyu mtu! Simjui! Kaka, mimi nimekukosea nini?"

Lukasi alisimama naye, koti la kuazima limemning'inia. Alikuja mpaka mbele ya kaka yake. "Ni huyu?" aliuliza. "Mtazame. Ni huyu?"

Evarist akamtazama Rebeka. Alitaka kusema hapana, Mungu anajua alivyotaka. Hapana ingetosha. Lakini alikuwa ameshadanganya vya kutosha kwa jina la Lukasi, na Lukasi alikuwa anamtazama, na ukweli aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu.

"Sikumbuki," alisema.

Hata Kasto aliyezoea vitabu vyake aligeuza uso. Angesema ndiyo, wangempiga. Angesema hapana, wangembishia. Lakini binti wa watu anasimama mbele yako analia, nawe unasema hukumbuki kama ulimvua nguo! Lukasi alirudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa amemgusa.

Baba Perpetua aliichukua bahasha mezani. "Mzee Jastin, chukua barua yenu."

Mzee Jastin alinyoosha mkono kuipokea. Hapo ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, akatoka mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, beseni mkono mmoja, birika mkono wa pili, taulo begani.

"Perpetua, sijakuita," alisema baba yake.

"Najua, baba."

Alimtazama Evarist mara moja, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha basi ahakikishe ndilo.

"Mwachieni mdogo wangu," alisema. "Si yeye. Ni mimi."

"Perpetua!" mama yake alipiga kelele.

"Mama, ngoja niseme mara moja, maana mara ya pili sitaweza. Masika ya mwaka juzi, nilipokuwa napeleka mitumba Mikumi. Huyu hapa. Aliniambia anaitwa Lukasi, na mimi nikamwambia naitwa Rebeka. Jina langu sikutaka liingie mle chumbani. Nikaliingiza la mdogo wangu. Lukasi wa Rebeka hajafanya kitu. Rebeka hajafanya kitu. Wachafu ni sisi wawili."

Nje bodaboda ilipita, ikaondoka na vumbi lake. Baba Perpetua alikuwa ameinama, anaitazama bahasha mkononi mwake, na kwa muda alionekana mzee sana, mzee aliyeitwa maisha yake yote kwa jina la binti huyu. Rebeka alikuwa amemtumbulia macho dada yake. Kisha akavuta kanga, akajifunika uso, akageukia ukuta.

Mzee akairudisha bahasha mezani. Hakuiweka upande wa wageni. Aliiweka upande wake.

"Nawisha wageni," alisema.

Perpetua akaanza na Mzee Jastin. Akaja kwa Lukasi, akapiga goti, akamimina maji, akasema, "Shemeji, nisamehe." Lukasi alinawa, na alipomaliza alisema, "Asante, dada," na machozi yakadondokea ndani ya beseni. Mjomba Kasto alifunga kitabu, akakirudisha mfukoni, akanawa haraka.

Akaja kwa Evarist. Akasimama mbele yake, beseni chini ya mikono yake, kipande cha sabuni ya mche juu ya kisahani. Evarist akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akimtazama kweli, akitafuta. Paji pana. Kovu dogo juu ya nyusi. Macho yaliyochoka. Alingoja kitu kiamke ndani yake. Hakikuamka chochote. Mwanamke huyu alikuwa ametoka kumwokoa kwa kujivua nguo mbele ya baba yake, na bado alikuwa mgeni.

Akatamani kumpa kitu. Alikuwa na kitu kimoja tu, kile alichokihifadhi kwa miaka miwili.

"Nakukumbuka," alinong'ona. "Wewe ndiye uliyelia bafuni. Ulifungua bomba nisisikie, lakini nilisikia. Nilipaswa kugonga mlango. Nisamehe sikugonga."

Perpetua aliendelea kumimina, maji yanapita juu ya mikono ya Evarist mpaka birika likaanza kuwa jepesi.

"Sikulia," alisema. "Nilikuwa natapika."